Deki ya DVD na TV yako: anza na matundu ya nyuma

Kabla hujaenda dukani kuulizia bei ya deki, geuza TV yako uutazame mgongo wake. Washa tochi ya simu, soma kila neno lililoandikwa pembeni ya matundu, kisha piga picha na uende nayo dukani. Picha hiyo ndiyo itakayokuchagulia deki, si muuzaji wala uzuri wa boksi. Mara nyingi sana deki inayopelekwa kwa fundi kwa sababu "haitoi picha" huwa nzima kabisa. Waya umechomekwa tundu lisilo lake, TV imeachwa kwenye ingizo jingine, au deki inatoa picha kwa mfumo ambao TV hiyo haiujui. Mwenye deki analipa pesa ya fundi kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kubonyeza kitufe kimoja cha rimoti.

Na deki bado ina kazi. Katika nyumba nyingi harusi ya wazazi, ubatizo wa mtoto, mahafali, maulidi na kwaya ya usharika vimo kwenye diski ndani ya droo, na havina nakala mahali pengine popote. Diski haili bando wala haidai mtandao.

Matundu yanasema nini

TV ya chogo kwa kawaida ina matundu matatu ya duara: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Haya ndiyo matundu ya AV, na karibu kila deki ya DVD iliyouzwa mitaani kwetu ina wenzao. Chogo ndogo za inchi 14 nyingi zina mawili tu, njano na nyeupe, kwa sababu spika yake ni moja. Hapo unachomeka njano na nyeupe, nyekundu unaiacha inaning'inia. Ukifanya hivyo ujue umeacha nje sauti yote ya upande wa kulia. Kwenye filamu huenda usiligundue, lakini ukiweka VCD ya karaoke utashangaa: nyingi ya hizo huweka muziki upande mmoja na sauti ya mwimbaji upande mwingine, kwa hiyo utasikia kimoja tu. Tafuta kwenye rimoti kitufe cha L/R au AUDIO, bonyeza mpaka yaandikwe MONO, ndipo pande zote mbili zitakapopita kwenye waya mmoja.

Chogo yenye mwaka mwingi zaidi inaweza kuwa na tundu la antena peke yake. Deki ya DVD kwa kawaida haina njia ya kutoa picha kupitia antena kama zilivyokuwa deki za kanda za VHS, hivyo utahitaji kisanduku kiitwacho modyuleta. Nyaya za AV zinaingia upande mmoja, waya wa antena unatoka upande wa pili, na unaitafuta chaneli yake kwenye TV kama ulivyokuwa ukitafuta stesheni.

Kuna shida moja iliyozaliwa na ving'amuzi. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Tangu hapo king'amuzi kikakalia matundu pekee ya AV ya chogo, na deki ikakosa pa kukaa. Watu wakawa wanachomoa na kuchomeka kila siku, mpaka tundu la njano linalegea na picha inaanza kukatikakatika ukigusa TV. Dawa yake ni swichi ya AV, kisanduku kidogo kisichohitaji umeme, chenye seti mbili au tatu za kuingilia na moja ya kutokea. King'amuzi namba 1, deki namba 2, unabonyeza unachotaka. Usidanganyike na pini ya plastiki inayogawa tundu moja kuwa mawili. Hiyo inaunganisha vifaa viwili kwa pamoja, na vyote vikiwaka picha zinapigana.

TV bapa ina HDMI, tundu pana lenye pembe mbili zilizokatwa. Kama TV yako inalo na bado lina nafasi, nunua deki yenye HDMI na mambo yako yawe mepesi: waya mmoja unabeba picha na sauti. Waya wa bei ndogo unatosha. Picha ya DVD ni nyepesi mno kwa HDMI, na muuzaji anayekuambia waya wa dhahabu utaongeza ung'avu anakuuzia hewa. Weka pesa hiyo kwenye stabilaiza.

Shida ya TV bapa ni pale unapokuwa na deki ya zamani yenye AV tu. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Njano haipo: tundu la kijani na pini ya milimita 3.5

Nyuma ya TV bapa nyingi utaona safu ya matundu matano: kijani, bluu, nyekundu, kisha nyeupe na nyekundu nyingine. Njano huioni. Ukitazama kwa makini tundu la kijani utakuta pete yake imepakwa rangi mbili, nusu kijani nusu njano, au pembeni yake pameandikwa Y/VIDEO au AV pamoja na COMPONENT. Maana yake tundu hilo linafanya kazi mbili. Chomeka waya wa njano wa deki kwenye hilo la kijani, nyeupe kwenye nyeupe, na nyekundu kwenye ile nyekundu iliyo jirani na nyeupe. Ile nyekundu iliyo jirani na bluu ni ya picha, na sauti ukiipeleka huko itapotea.

Kisha chagua ingizo kwenye rimoti ya TV kwa kitufe cha SOURCE au INPUT. Chagua AV. Ukichagua COMPONENT picha itakuja lakini nyeusi na nyeupe, kwa sababu TV inasoma mwanga tu na kusubiri rangi zije kupitia nyaya nyingine mbili ambazo hazipo. Picha isiyo na rangi kwenye TV bapa karibu kila mara inatokana na hili, si na ubovu wa deki.

TV nyembamba zaidi zimeondoa hata safu hiyo, zimeacha kitundu kimoja kama cha hedifoni kilichoandikwa AV IN. Waya wake huwemo kwenye boksi la TV na watu huutupa. Ni mfupi, upande mmoja una pini ya milimita 3.5, upande mwingine una matundu matatu ya rangi tulizozoea. Ishike pini hiyo uitazame karibu: ina pete nyeusi tatu, zinazoigawa kuwa vipande vinne vya chuma, yaani ncha, pete mbili za katikati na shina. Vitatu vinabeba picha na sauti mbili, cha nne ni waya wa kurudishia, ambao mafundi wanauita athi. Pini yenye pete mbili tu ni ya hedifoni na haitakufaa hata ikiingia vizuri.

Watengenezaji wa TV hawakukubaliana kipande kipi kibebe nini. Kwa hiyo waya wa TV moja ukiuhamishia nyingine unaweza kusikia mngurumo kwenye spika huku kioo kikiwa cheusi: picha imeingia kwenye njia ya sauti. Usitupe waya. Hamisha plagi ya njano ya deki uijaribu kwenye tundu jekundu la adapta, kisha kwenye jeupe. Picha ikitokea kwenye mojawapo, panga sauti kwenye mawili yaliyobaki na kazi imekwisha, rangi ziache zigombane zenyewe. Ikigoma kwenye yote matatu, athi imekaa mahali tofauti na hapo lazima upate adapta nyingine. Sukuma pini mpaka usikie imebana, kwa maana kwenye TV zingine kitundu kimezama ndani ya plastiki na pini fupi haifiki mwisho.

Hapohapo linajitokeza tatizo la visanduku vya kugeuza. Mwenye deki ya AV na TV yenye HDMI tu anahitaji kisanduku kilichoandikwa AV2HDMI. Mwenye kifaa cha HDMI na TV ya chogo anahitaji HDMI2AV. Visanduku hivi vinafanana ukubwa, rangi na matundu, tofauti ni maandishi hayo tu, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake. Soma kabla hujalipa. Vyote vinataka umeme wa volti 5, kwa hiyo chomeka waya wake wa USB kwenye TV au chaja ya simu. Halafu kuna waya unaouzwa ukiwa na kichwa cha HDMI upande mmoja na plagi tatu za rangi upande wa pili, bila kisanduku katikati. Huo ukitumia kwa deki na TV hautatoa chochote, kwa sababu HDMI ni dijitali na AV ni analojia, na waya mtupu hauwezi kutafsiri lugha moja kwenda nyingine. Inasikitisha kuona watu wanauziwa kila siku.

Kuchagua deki yenyewe

Geuza deki usome kibandiko cha umeme. Unatafuta maandishi 100-240V au 220-240V. Deki iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa imeandikwa 120V peke yake, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua papo hapo. Ya namna hiyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Ya wati 50 inatosha, kwa kuwa deki nyingi hula kati ya wati 8 na 15 tu.

Deki nyingi huja na plagi ya pini mbili ilhali soketi za Tanzania, Kenya na Uganda ni za pini tatu za mraba. Tabia ya kuingiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili zile mbili zifunguke iache kabisa, hasa nyumba yenye watoto wanaokutazama. Adapta haina bei ya kutisha. Nyumba inayotumia sola itafute deki ndogo yenye tundu la DC 12V, kisha iangalie mchoro wa duara pembeni yake unaoonyesha chanya iko ndani au nje. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuiua deki kabla haijacheza hata wimbo mmoja.

Baada ya umeme, tazama mchoro mdogo wa dunia wenye namba katikati. Ni kanda ya deki, yaani eneo la dunia ambalo filamu zake deki hiyo inazikubali. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati pamoja na Oman, na humo wakaingizwa pia Misri na Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya Afrika, sisi tukiwemo, iko 5 pamoja na Urusi na India. Deki iliyofungwa kanda 5 itakataa filamu halisi uliyotumiwa kutoka Muscat au Chicago, na itaandika WRONG REGION. Tafuta deki iliyoandikwa ALL. Nyingi za bei nafuu ziko wazi tayari, na zile zilizofungwa baadhi zinafunguliwa kwa namba fulani kwenye rimoti, kila modeli na yake. Diski za harusi na za kwaya hazina kufuli hili, kwa hiyo asiyenunua filamu za nje asilipe zaidi kwa ajili yake.

Tundu la USB ni zuri kuwa nalo, ila lielewe mipaka yake. Deki nyingi zinasoma flashi iliyofomatiwa FAT32 tu. Ya NTFS au exFAT zitaandika NO USB. FAT32 nayo haibebi faili moja linalozidi GB 4. Kubwa zaidi ni aina ya faili: chipu ya deki ya kawaida ilitengenezwa kwa MPEG-2 na faili za zamani za AVI, wakati muvi zinazowekwa kwenye flashi siku hizi ni MP4 au MKV za H.264 na H.265. Utasikia sauti bila picha, au utaona maandishi ya kukataa. Kabla hujailaumu deki, chomeka flashi hiyohiyo kwenye USB ya TV bapa. Mara nyingi itacheza. Diski kubwa za nje za kompyuta (hard disk) usizichomeke kwenye deki, tundu lake halina nguvu ya kuziwasha.

Deki ya Blu-ray inacheza DVD pia, na nyingi zinaipanua picha vizuri kuliko deki ya kawaida. Ila zilizotengenezwa baada ya 2013 hazitoi picha kwa AV, ni HDMI tu. Mwenye chogo aipite. Kinyume chake hakiwezekani: deki ya DVD haitasoma diski ya Blu-ray hata ukiisafisha vipi, kwani inatumia mwali mwekundu na Blu-ray inasomwa kwa mwali wa bluu wenye ncha nyembamba zaidi.

Dukani nenda na diski yako mwenyewe, ya harusi ikiwezekana, tena ile yenye mikwaruzo. Diski mpya ya muuzaji kila deki itaicheza. Ikianza, ruka moja kwa moja hadi sura ya mwisho. DVD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko lenzi dhaifu inakoshindwa. Fungua na kufunga trei mara tatu, usikilize kama inakwaruza. Jaribu rimoti yake kitufe kwa kitufe, hasa SETUP, kwa sababu deki bila rimoti yake huwezi kuingia kwenye mipangilio, na rimoti za kubahatisha mara nyingi hazina vitufe unavyovihitaji.

Matarajio nayo yawe sawa. Picha ya DVD ya PAL, mfumo wa picha wa Afrika Mashariki, ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. TV ya Full HD ina nukta 2,073,600, mara tano ya hizo, na ya 4K ina mara ishirini. Deki inayotangaza 1080p inapanua picha ileile. Haiongezi kilichokuwa hakijapigwa. Kwenye chogo ya inchi 21 DVD inapendeza sana. Kwenye bapa ya inchi 55 nyuso zitakuwa laini kama zimepakwa mafuta, na dawa ni kusogeza kochi nyuma.

Kuunganisha, na jinsi ya kujua kosa liko wapi

Zima vyote viwili ukutani. Chomeka nyaya upande wa deki kwenye matundu yaliyoandikwa OUT, si IN, na kwa deki yenye tundu la njano na la machungwa usiyachanganye: la machungwa ni sauti ya dijitali, halitoi picha. Chomeka upande wa TV. Washa TV, washa deki bila diski ndani, kisha badilisha ingizo la TV moja baada ya jingine, ukisubiri sekunde tano kila moja.

Unachotafuta ni nembo ya deki. Kila deki ikiwaka bila diski hutandaza nembo ya kampuni yake au maandishi NO DISC kwenye kioo. Nembo hiyo inakugawia matatizo mafungu mawili. Ukiiona, nyaya na TV vimepona, na tatizo lolote litakalofuata ni la diski, lenzi au mipangilio. Usipoiona, usihangaike na diski. Shida iko kwenye waya, ingizo au njia ya kutolea picha. Jaribio hili la nusu dakika linaokoa saa nzima.

Nembo ikikosekana na una uhakika na matundu, shuku waya kwanza. Nyaya tatu za AV zinafanana ndani, rangi ni alama tu. Chukua mwekundu uutumie mahali pa njano kwenye ncha zote mbili. Picha ikija, wa njano umekatika, kwa kawaida pale unapojikunja karibu na plagi. Waya mzima na bado giza? Mtu amebonyeza kitufe cha V-MODE, VIDEO au P-SCAN kwenye rimoti. Kitufe hicho kinahamisha picha kutoka AV kwenda njia nyingine, na kwenye deki nyingi za bei nafuu tundu la njano linakufa hapohapo. Watoto wanakipenda. Toa diski, kibonyeze mara moja, subiri sekunde tatu, kibonyeze tena, mpaka nembo irudi. Kwa HDMI mwenzake ni kitufe kilichoandikwa HDMI au RESOLUTION: deki imewekwa 1080p na TV ndogo haiwezi, kwa hiyo inaandika haina mawimbi. Zungusha mpaka 720p au 576p.

Mipangilio ya kugusa mara moja

Ingia SETUP. Kwenye TV TYPE au TV SYSTEM kuna PAL, NTSC na AUTO. Afrika Mashariki tulitumia PAL, yenye picha 25 kwa sekunde. Marekani ni NTSC, karibu picha 30. Kongo na Burundi zilifuata SECAM ya Kifaransa, kwa hiyo huko chogo kuukuu sana inaweza kuonyesha deki ya PAL bila rangi. TV bapa inakubali yote, weka AUTO. Kwa chogo weka PAL. Ukiiacha kwenye AUTO na ukaweka diski ya Marekani, chogo isiyojua NTSC itaonyesha picha isiyo na rangi inayopanda juu mfululizo kama pazia linalovutwa.

Umbo la picha: chogo chagua 4:3 LB, bapa chagua 16:9. Watu wakionekana warefu wembamba kwenye chogo, umeweka 16:9. Wakionekana wanene kwenye bapa, diski ni ya 4:3 na TV inaivuta. Badilisha kwenye rimoti ya TV, si ya deki.

Sauti ndiyo inayosumbua zaidi na inayoeleweka kidogo. Filamu nyingi zimerekodiwa kwa chaneli sita, na maneno ya waigizaji huwekwa kwenye spika ya katikati. Mipangilio ikiwa 5.1CH ilhali umeunganisha nyaya mbili tu, nyeupe na nyekundu, utasikia muziki, milio ya magari na mvua, lakini watu wanafungua midomo bila sauti. Nenda kwenye DOWNMIX uweke STEREO au LT/RT. Maneno yatachanganywa kwenye spika mbili. Kwa HDMI kosa lake ni jingine: sauti imewekwa RAW, na TV isiyojua kuifungua inakaa kimya kabisa. Weka PCM. Kama kimya kinaendelea kwenye filamu moja tu, bonyeza AUDIO uchague wimbo wa sauti mwingine, kwani huenda uliopo ni wa DTS, mfumo mwingine wa sauti, na deki yako haiwezi kuufungua.

Mwenye sabufa apeleke HDMI kwenye TV na nyaya nyeupe na nyekundu kwenye sabufa moja kwa moja, kisha ashushe sauti ya TV hadi sifuri. TV bapa zingine huchelewesha picha kidogo kwa sababu ya kuichakata, na maneno yakatangulia midomo. Kuiweka TV kwenye hali ya GAME hupunguza ucheleweshaji huo.

Diski inapogoma

Ikiganda mahali palepale kila mara, ni diski. Kila diski ikiganda kuelekea mwisho, ni lenzi au reli yake. Ikisoma CD za muziki lakini ikakataa DVD zote, mwali wa DVD umechoka: deki ina miale miwili, ya CD na ya DVD, na mmoja unaweza kufa mwenzake akibaki. Kusita kwa chini ya sekunde moja katikati ya filamu ndefu si ugonjwa. Diski ya tabaka moja inabeba GB 4.7, ya matabaka mawili GB 8.5, na hapo lenzi inahama tabaka.

Diski ioshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, uifute kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo unafuata njia ya data na kuharibu sehemu ndefu.

Lenzi ni jicho dogo kama punje ya dengu, limening'inia kwenye nyuzi nyembamba mno za chuma. Chomoa deki na uiache dakika kumi, kwa maana kapasita kubwa ya sehemu ya umeme hubaki na chaji ya kukurusha. Fungua kifuniko, na upande wenye umeme usiuguse. Chovya pamba ya kijiti kwenye spiriti ya isopropili, uikamue, kisha gusa lenzi kwa kuizungusha taratibu kutoka katikati bila kuikandamiza. Ikizama na kurudi juu yenyewe, uko sawa. Petroli, manukato na mate vyote vinaacha ukungu. Toa nywele na vumbi kwenye reli, subiri ikauke, funga ndipo uwashe. Usiichungulie ikiwa inawaka. Fundi akikuambia ataikaza skrubu ndogo ya pembeni ili "kuongeza lenzi," mwambie aiache. Inaongeza nguvu ya mwali kwa muda na kuuchosha mapema, na baada ya hapo hakuna tena cha kukaza.

Diski za kurekodi, za harusi zikiwemo, zina dawa ya rangi inayofifia kwa joto na jua, hata zikiwa hazijachezwa. Deki ikishaisoma vizuri, usingoje. Iweke kwenye kompyuta yenye kisomeo cha DVD, nakili folda nzima ya VIDEO_TS, si faili moja moja. Faili zake za VOB hazizidi GB 1 kila moja, kwa hiyo hata flashi ya FAT32 inazibeba, na flashi ya GB 32 inaingiza diski sita za GB 4.7. Kama kompyuta inaiona diski kuwa tupu wakati mashine iliyoirekodi inaicheza, haijafungwa baada ya kurekodiwa. Irudishe kwenye mashine ileile, au kwa mpiga picha aliyeirekodi, mwambie aifanyie FINALIZE, na hapo deki yoyote itaisoma.